Hewa Haifungwi kwa Ufunguo: Uvurugaji wa Mawimbi na Namna ya Kuukabili

(Hotuba iliyotolewa mbele ya mafundi wa mitandao na wanafunzi wa mawasiliano. Imewekwa hapa nzima kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.)

Ndugu Mwenyekiti, walimu wetu, mafundi wenzangu, nanyi vijana mlioketi huku mbele na madaftari yenu wazi: hamjambo, na ahsanteni kwa kuja.

Naanza na swali. Ni nani hapa ambaye Wi-Fi yake haina nenosiri? Sioni mkono. Vizuri. Swali la pili: nenosiri lenu lina herufi ngapi? Kumi na mbili? Ishirini? Basi sikilizeni jambo ambalo hata nenosiri la herufi mia moja haliligusi. Mtu akija na kifaa kinachotoa kelele kwenye masafa yenu, nenosiri halimhusu. Haombi kuingia. Hataki kusoma barua zenu wala kuiba faili zenu. Anataka jambo moja tu: msisikilizane.

Mlango hufungwa. Hewa haifungwi.

Na hili si geni. Juni 1903, katika ukumbi wa Royal Institution jijini London, profesa John Ambrose Fleming alikuwa akiwaonyesha watu telegrafu isiyo na waya ya Guglielmo Marconi. Marconi mwenyewe alikuwa Poldhu, Cornwall, mamia ya kilomita kutoka hapo, akijiandaa kutuma ujumbe. Kampuni yake ilikuwa imejitapa kwamba mitambo iliyochaguliwa masafa yake vizuri haiingiliwi na mtu. Kabla ujumbe wa Marconi haujafika, mtambo ukumbini ukaanza kugonga wenyewe: neno lenye maana ya "panya", tena na tena, kisha beti za kumkejeli Marconi. Aliyekuwa akituma ni Nevil Maskelyne, mfanya mazingaombwe, kutoka jirani tu. Mwaka uliofuata, Aprili 1904, Warusi waliokuwa vitani na Wajapani na kuzingirwa Port Arthur, bandari ya China, walirusha cheche zao za redio juu ya mawimbi ya Wajapani waliokuwa wakielekezana shabaha ya mizinga. Redio ilikuwa bado changa, na tayari ilikuwa imeshavurugwa.

Kwa nini nimerudi nyuma kiasi hicho? Kwa sababu kosa la mwaka 1903 bado tunalifanya. Tunadhani kipokezi kinamjua mwenyewe. Kipokezi hakimjui mtu. Kinapokea nguvu ya umeme inayoingia kwenye antena, yako na ya adui, vyote pamoja. Kwa hiyo nitakalolisema leo, kwa njia nyingi, ni hili: humnyimi mtu hewa, lakini unaweza kuifanya kelele yake imgharimu, unaweza kuitambua mapema, na unaweza kuwa na njia nyingine pale inaposhinda.

Ndugu zangu, tuanze na fizikia, kwa kuwa fizikia haihongwi.

Vita hii hupiganwa kwenye kipokezi. Si kwenye mnara, si kwenye kifaa cha mvurugaji: kwenye kipokezi. Kinachohesabika ni uwiano wa nguvu mbili zinapofika pale, ile unayoitaka na ile usiyoitaka. Tunaupima kwa desibeli: kila desibeli 10 ni mara kumi, kila desibeli 3 ni takriban mara mbili.

Chukueni ruta inayorusha milliwati 100, na simu iliyo mita 100 kutoka kwenye ruta hiyo, uwanja mtupu. Mvurugaji yuko mita 10 kutoka kwenye simu. Anahitaji nguvu kiasi gani ili kelele yake ifike ikiwa sawa na sauti ya ruta? Katika uwanja mtupu nguvu hupungua kwa mraba wa umbali. Umbali ukizidi mara 10, nguvu hupungua mara 100. Basi anahitaji milliwati 1. Milliwati moja dhidi ya mia moja! Na hapo hatujaweka kuta. Penye kuta na watu, nguvu hupungua kwa kasi zaidi kuliko mraba, kwa hiyo aliye karibu hufaidi zaidi. Ndiyo maana kuongeza nguvu ya kurusha, dawa ya kwanza ambayo kila fundi huikimbilia, mara nyingi haisaidii kitu. Unapambana na umbali, na umbali una nguvu kuliko pochi yako.

Upande wa minara ya simu hesabu inageuka kidogo, na inafaa kuielewa. Simu ya 4G hurusha milliwati 200 kwa kiwango cha juu. Mnara husikiliza simu hizo kutoka mbali. Anayeivuruga simu huathiri walio karibu naye tu. Anayevuruga masikio ya mnara huathiri eneo zima, kwa kuwa anashindana na milliwati 200 zilizochoka njiani. Kwa hiyo ukipewa kazi ya kuukagua mtandao, pima pande zote mbili. Mara nyingi simu inaonyesha vijiti vyote vya mawimbi, mteja anasema "mtandao upo ila hakuna kinachotoka," na ukweli ni kwamba mnara umezibwa masikio.

Lakini mnyonge kuliko wote ni GPS. Setilaiti ziko takriban kilomita 20,200 juu yetu, na mawimbi yake hufika ardhini kwa dBm -128 hivi (dBm ni desibeli zinazohesabiwa kutoka milliwati 1; namba ya hasi ikiwa kubwa zaidi, nguvu ni ndogo zaidi). Kelele ya joto peke yake, ile isiyotoka kwa mtu yeyote, katika upana wa megahezi 2 ni takriban dBm -111. Mnaona? Mawimbi ya GPS yako chini ya kelele kwa zaidi ya mara 50. Tunayaokoa kwa sababu tunaijua mapema namna yalivyofumwa, vipande 1,023 vinavyojirudia kila milisekunde, tunavijumlisha mpaka sauti iinuke juu ya kelele. Ni kazi nzuri ya ajabu. Ni kazi dhaifu pia.

Uwanja wa ndege wa Newark, Marekani, ulikumbana na udhaifu huo. Uwanja huo umekaa kando ya barabara kuu yenye malori mengi. Uliposimikwa mtambo wa ardhini wa kusahihisha GPS ili ndege zitue kwa usahihi, mtambo ukawa unakatika kwa vipindi, bila mpangilio, na ilichukua miezi kugundua sababu: magari yaliyokuwa yakipita na vifaa vidogo vya kuvuruga GPS. Mwaka 2012 dereva mmoja alinaswa pale uwanjani na kifaa kama hicho ndani ya gari la kampuni. Nia yake? Hakutaka kuangusha ndege. Hakutaka mwajiri wake ajue gari liko wapi, basi. Mwaka uliofuata mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ikamtoza faini ya dola 31,875. Naomba mlitie akilini hilo. Aliyewavuruga hakuwa na habari kwamba mpo.

Sasa jambo la pili, na hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ndipo wengi wetu tunapopitwa. Mvurugaji si lazima apige kelele mfululizo. Mwenye akili hupiga kelele kidogo sana.

Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rutgers waliwagawa wavurugaji katika aina nne, na mgawanyo huo bado unafaa. Wa kwanza hurusha kelele bila kukoma. Anaumiza, lakini anakula betri na anaonekana kirahisi. Wa pili hutuma pakiti, yaani vifurushi vya data, zinazofanana na za kweli bila kupumzika, na vifaa vingine vinakaa kimya vikimsikiliza kwa adabu. Wa tatu hupiga, hulala, hupiga, hulala, kwa nyakati zisizotabirika, ili betri idumu. Wa nne ndiye wa kuogopwa: hukaa kimya na kusikiliza, na mtu mwingine anapoanza kusema tu, naye hupiga kelele fupi juu ya maneno yake.

Kwa nini yule wa pili anafanikiwa? Kwa sababu Wi-Fi ina adabu, na adabu hiyo ndiyo mlango wake. Kabla ya kutuma, kifaa cha Wi-Fi husikiliza. Katika masafa ya gigahezi 5, lazima hewa iwe kimya kwa maikrosekunde 34, kisha kifaa kihesabu muda wa bahati nasibu, ndipo kiseme. Kikisikia pakiti ya Wi-Fi hata kwa dBm -82, kinangoja. Kikisikia nguvu yoyote ile iliyozidi dBm -62, kinangoja pia. Kwa hiyo mvurugaji hahitaji hata kuharibu pakiti yako. Anaijaza hewa, na vifaa vyako vinajinyamazisha vyenyewe, vikingoja zamu isiyokuja.

Na yule wa nne? Tazameni redio ndogo za vihisio, zile za mita za umeme na taa za kujiendesha, zinazotuma kilobiti 250 kwa sekunde kwenye gigahezi 2.4. Kila baiti inachukua maikrosekunde 32. Utangulizi wa pakiti ni baiti 5, yaani maikrosekunde 160, na pakiti ndefu kabisa inadumu zaidi kidogo ya milisekunde 4. Mvurugaji anasikia utangulizi, anajua kuna mtu anasema, na bado ana karibu milisekunde 4 za kumharibia. Anahitaji kuharibu kiasi gani? Kidogo mno. Redio hizo hazina msimbo wa kusahihisha makosa. Zina hesabu ya kukagua tu mwishoni. Hesabu isipolingana, pakiti nzima inatupwa. Kisha kihisio kinarudia, kwa kawaida mara 3, kila mara kikimaliza betri yake, halafu kinakata tamaa. Mvurugaji ametumia chembe ya nishati. Kihisio kimetumia mara nne ya ile kiliyokusudia, na hakikufikisha kitu.

Hiyo si vita ya kelele tena, jamani. Ni vita ya gharama, na anayejilinda ndiye anayelipa.

Mitandao ya simu nayo ina sehemu zake nyeti. Katika 4G, mawimbi ambayo simu huyatafuta ili ijue kuna mnara yamekaa katikati kabisa ya chaneli, katika upana wa megahezi 1.08, hata kama chaneli yenyewe ina upana wa megahezi 20. Anayejua hilo hana haja ya kuijaza chaneli nzima. Waliobuni 5G waliliona: mahali pa mawimbi hayo sasa panaweza kubadilishwa, na baadhi ya mawimbi yaliyokuwa yakirushwa wakati wote yameondolewa. Ni hatua nzuri. Haijaondoa tatizo.

Tena kuna hila nyingine iliyojificha nyuma ya uvurugaji. Simu ikikosa 4G hushuka kutafuta kilicho chini, mpaka 2G, mtandao wa simu wa kizazi cha zamani. Na katika 2G mtandao huithibitisha simu, lakini simu haiuthibitishi mtandao. Mnara bandia unapokelewa kama mnara halali. Kelele hapo ni mchunga ng'ombe tu, anawaswaga kuelekea zizi analolitaka. Kinga iko mikononi mwenu: Android tangu toleo la 12 ina swichi ya kuzima 2G katika simu zinazoikubali, na iPhone huizima ikiwa katika hali yake ya ulinzi mkali tangu iOS 17. Kama eneo lenu halitegemei 2G, izimeni leo, kabla hamjafika nyumbani.

Na kuna uvurugaji usio na kelele kabisa. Mwaka 2014 FCC ilikubaliana na kampuni ya hoteli moja kubwa ya Nashville ilipe dola 600,000. Wafanyakazi wa hoteli walikuwa wakitumia mfumo wao wa ulinzi kutuma amri za kukata zilizojifanya zimetoka kwenye vituo vya Wi-Fi vya wageni, huku kampuni zilizokuja kwenye maonyesho zikiuziwa intaneti ya hoteli kwa dola 250 hadi 1,000 kwa kila kifaa. Amri hizo zilifanya kazi kwa sababu katika Wi-Fi ya zamani hazikuwa na muhuri wowote. Hapa ufunguo una kazi! Kiwango cha 802.11w cha mwaka 2009 kinazitia muhuri amri hizo, na WPA3, kiwango kipya cha usalama wa Wi-Fi, inakilazimisha. Ingieni kwenye ruta zenu, tafuteni mpangilio wa kulinda fremu za usimamizi, uwekeni kwenye "lazima". Ukiuacha kwenye "hiari", vifaa vya zamani vitaendelea kuunganishwa bila muhuri na vitakatwa kama zamani. Vifaa vichache vya zamani vitagoma. Ni bora ujue vilivyogoma kuliko usijue vinavyokatwa.

Jambo la tatu: utajuaje kwamba unavurugwa? Hapa nataka twende taratibu, maana fundi anayesema "tunavurugwa" kila mtandao unapokuwa mzito ataacha kuaminiwa siku ya kweli.

Usiangalie kipimo kimoja. Nguvu ya mawimbi peke yake inadanganya. Idadi ya pakiti zinazofika peke yake inadanganya pia: betri ikifa, pakiti hazifiki, gari likiondoka, pakiti hazifiki. Ila viwekeni vipimo viwili hivyo pamoja. Mawimbi dhaifu na pakiti hazifiki? Ni umbali au kizuizi. Mawimbi yenye nguvu na pakiti zinafika? Salama. Mawimbi yenye nguvu na pakiti hazifiki? Hapo simameni. Ama hewa imejaa kupita kiasi, ama kuna anayevuruga.

Halafu chukueni kipimo cha tatu, sakafu ya kelele, yaani kiwango cha kelele iliyopo hata pasipo anayetuma. Ruta nyingi huonyesha. Katika chaneli ya megahezi 20 kawaida ni karibu na dBm -95. Andikeni ya kwenu wakati mambo ni mazuri, asubuhi, mchana na usiku, kwa wiki nzima. Bila kumbukumbu ya siku nzuri, siku mbaya haisomeki. Sakafu ikipanda mpaka dBm -70 na haishuki, kuna kitu. Angalieni pia asilimia ya muda ambao chaneli inahesabiwa kuwa na shughuli, mlinganishe na data iliyopita kweli. Chaneli yenye shughuli asilimia 90 na data kidogo ni sawa na barabara iliyojaa magari yasiyobeba mtu.

Kabla ya kumlaumu adui, waondoeni wasio na hatia. Tanuri la maikrowevu huvuruga karibu na gigahezi 2.45, lakini kelele yake hufuata mapigo ya umeme wa ukutani: kwenye umeme wa hezi 50 huwaka takriban milisekunde 10, hunyamaza 10. Ukiona mdundo huo, mwambieni mpishi, msiite polisi. Kipaza-mawimbi cha simu kilichofungwa na asiyejua, antena yake ya nje ikiwa karibu mno na ya ndani, huanza kujisikiliza na kulia kama kipaza sauti kinavyolia, na huziba mnara mzima. Kiunganishi chenye kutu nacho huzalisha masafa ambayo hakuna aliyeyarusha.

Mkishawaondoa hao wote, tafuteni chanzo. Antena yenye mwelekeo, sehemu tatu tofauti, chora mstari wa mwelekeo kutoka kila sehemu, mistari ikutane. Mnapokaribia, kipokezi hulemewa na kila upande huonekana ni sawa. Ndipo watu wengi hupotea. Wekeni kipunguza-nguvu cha desibeli 20 kabla ya kipokezi. Hamna? Shika kipokezi kifuani, zunguka polepole: mwili wako ni kinga, na mawimbi yakishuka kabisa, chanzo kiko mgongoni mwako.

Florida, mwaka 2013. Kampuni moja ya simu iliripoti kwamba minara yake kando ya barabara kuu iendayo Tampa ilikuwa ikivurugwa. Angalieni jinsi taarifa ilivyokuwa nzuri: ilitokea asubuhi na jioni, saa za watu kwenda na kurudi kazini. Maofisa wa FCC walikaa barabarani siku chache na vifaa vya kutafuta mwelekeo, wakabaini kelele inatoka kwenye gari moja la buluu linalotembea. Askari wa kaunti walipolisogelea ili walisimamishe, redio zao wenyewe zikakatika. Dereva alikuwa na kifaa cha kuvuruga simu nyuma ya kiti. Alisema hataki watu wazungumze na simu wakiendesha. Mwaka 2014 ilipendekezwa atozwe dola 48,000. Nia njema, mtaniambia. Nami nauliza: aliyepata ajali barabara hiyo na akapiga simu ya dharura gari lile likipita, angejibiwa na nani?

Sasa kinga. Nimezichelewesha makusudi, kwa sababu kinga isiyojua inakinga nini ni mapambo.

Kinga kongwe ni kuruka. Agosti 1942 Hedy Lamarr, mwigizaji wa filamu, na mtunzi wa muziki George Antheil walipewa hataza ya Marekani namba 2,292,387. Wazo lao: meli na topido, kombora la majini linaloongozwa kwa redio, viwe na mikanda miwili ya karatasi iliyotobolewa sawasawa, kama ile ya piano zinazojipiga, ianze kuzunguka kwa pamoja, na masafa yaruke kati ya 88, idadi ya vibao vya piano. Adui asiyeujua mkanda hawezi kuufuata. Jeshi la wanamaji halikuutumia wakati ule. Ila wazo ndilo hilo hilo: mlazimishe adui ama azibe masafa yote, nguvu yake igawanyike, ama abahatishe.

Bluetooth ya kawaida huruka mara 1,600 kwa sekunde kati ya chaneli 79, na tangu mwaka 2003 hujifunza kuzikwepa chaneli mbovu, mradi zibaki 20. Wengi huiona hiyo ni kinga dhidi ya mvurugaji. Mimi sikubali. Mpangilio wa kuruka kwake hutokana na anwani na saa ya kifaa kikuu, si siri iliyotunzwa. Unasaidia dhidi ya majirani, si dhidi ya adui aliyekaa kusikiliza. Kuruka ni kinga pale tu mkanda unapokuwa siri.

Na hapo pana fumbo zuri. Ili turuke pamoja kwa siri lazima tuwe na ufunguo mmoja. Ili tupeane ufunguo lazima tuwasiliane. Ili tuwasiliane wakati tunavurugwa lazima turuke kwa siri! Tunaanzia wapi? Mwaka 2008 watafiti walitoa jibu ambalo nalipenda kwa unyofu wake: msikubaliane kitu. Mtumaji aruke ovyo, kwa kasi. Mpokeaji naye akae ovyo, polepole. Watakutana kwa bahati. Hesabuni nami. Chaneli 200, mtumaji anaruka mara 1,600 kwa sekunde: wanakutana mara 8 kwa sekunde kwa wastani. Mvurugaji akiziba chaneli 20, zinabaki mara 7.2. Ujumbe wa ufunguo ukikatwa vipande 20 vinavyorushwa kwa nasibu, inabidi kupokea takriban vipande 72 ndipo vyote 20 vipatikane. Gawanyeni: sekunde 10. Sekunde kumi kupeana ufunguo, katikati ya kelele, kati ya watu wasiowahi kukubaliana lolote! Kila kipande lazima kifungwe na kinachofuata kwa alama ya hesabu, la sivyo adui atachomeka vya kwake na mpokeaji ataunganisha mchanganyiko usio na mwisho.

Kinga nyingine ni kuziba sikio upande mmoja. Antena kadhaa zikiunganishwa, mahesabu yanaweza kuufanya mwelekeo wa mvurugaji uwe kimya. Antena 4 zinaweza kunyamazisha wavurugaji 3, antena 7 zinanyamazisha 6. Isipokuwa mvurugaji akiwa mstari mmoja na unayemtaka, hapo utawanyamazisha wote wawili.

Minara nayo inahitaji saa. Mitandao inayotuma na kupokea kwa zamu kwenye masafa yale yale hutaka minara ilingane ndani ya maikrosekunde 3, na mingi huipata saa hiyo kutoka GPS. GPS ikivurugwa mnara haufi papo hapo; saa yake inaanza kupotea. Saa ya fuwele nzuri iliyopashwa joto itavumilia kwa muda wa saa kadhaa; saa ya atomi ya rubidiamu, zaidi ya hapo. Baadaye mnara unaanza kusema kwenye zamu ya jirani, na sasa mnara wenyewe umekuwa mvurugaji. Leteni saa ya pili kupitia nyuzi za kioo, na mwezi mmoja kabla hamjaihitaji, chomoeni antena ya GPS kwa makusudi muone kinachotokea.

Na wakati mwingine hewa ikishindikana, ni kuiacha. Katika vita vya Ukraine, tangu mwaka 2024, pande zote mbili zimetumia droni zinazovuta nyuma yake uzi wa kioo mwembamba wenye urefu wa kilomita 10 na zaidi, kwa sababu masafa yalikuwa yamejaa kelele. Chombo kinachoruka, kimefungwa waya! Kwa kitu kisichotembea, kama kamera au mlango wa ghala, mna sababu gani ya kutotumia waya?

Nimalizie na kengele za wizi, maana nyingi nilizoona zikiuzwa zimebuniwa kinyume. Kihisio cha mlango hunyamaza mpaka mlango ufunguliwe, ndipo kinasema. Kikivurugwa wakati huo, kitovu, yaani kisanduku kikuu kinachopokea taarifa za vihisio, hakisikii kitu, na kinadhani kila kitu ni shwari. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Kifundisheni kitovu chenu hivyo hivyo: kihisio kiseme "nipo" kwa vipindi, na kimya kiwe ndiyo kengele. Kila dakika 1 ni salamu 1,440 kwa siku, na betri italia. Kila dakika 15 ni salamu 96 tu, lakini mkingoja zikosekane tatu mfululizo, mwizi ana karibu dakika 45. Kwa hiyo msitegemee salamu peke yake. Kitovu kimechomekwa ukutani, hakina shida ya umeme: kipime sakafu ya kelele kila sekunde, na ikipanda kwa desibeli 20 kwa zaidi ya sekunde 30, kipige kengele kupitia waya, si kupitia hewa ile ile iliyozibwa. Na mkifunga gari kwa rimoti, vuteni mpini wa mlango kabla ya kuondoka.

Kipaza sauti kiko kwa dada aliye safu ya nyuma. Karibuni kwa maswali.